Ndiyo Iliyosemwa Mbele ya Sheha

Mtambile, Jumamosi, baada ya alasiri

Raya mwanangu,

Bi Time wa Micheweni amejitoa kwenye mradi wenu wa kuwatumia kina mama meseji za kliniki kwa simu. Amelisema mwenyewe leo kabla ya adhuhuri, ukumbini kwake, huku anapepeta mchele, na ameniruhusu nikufikishie wewe tu. Nilianza kukueleza mchana tulipokuwa tunakula, ukainuka kabla sijamaliza. Sasa umekwenda kumuaga shangazi yako, na baba yako yuko nje analifunga sanduku lako kwa kamba ambayo sanduku halikuiomba. Nina nafasi ya kumaliza nilichoanza.

Mambo ya tiketi, ya mzigo na ya nani atakupokea Unguja atakwambia yeye, na atayarudia mpaka meli ing'oe nanga. Mimi nitaandika hili moja tulilogombania.

Ulinitaka niende Micheweni nikazungumze na wale wanawake ili wasije wakamfuata Bi Time. Ulisema: "Wewe wanakusikiliza, Mama. Neno lako moja tu." Nikakwambia sitakwenda. Ukasema sielewi kilichopo: kwamba keshokutwa, Jumatatu, mkuu wa idara anataka majina ya wanawake walioridhia, kwamba mkataba wako wa kufundisha chuo kikuu ni wa mwaka mmoja, wa kukuangalia, kwamba orodha ikipungua, mradi atapewa mwengine na wewe utabaki kusahihisha mitihani ya watu. Nimeelewa vizuri sana. Na jibu bado ni hapana. Barua hii ni ya kukupa sababu, maana kukataa bila kutoa sababu si tabia yangu, nyumbani wala kazini.

Naanza na alichosema Bi Time, kwa maneno yake, kama nilivyoyapokea.

Sikwenda kwake kwa kazi yako. Nilikwenda kwa habari ya wakulima wa mwani wanaotaka banda la kuanikia, na yeye ndiye msemaji wao. Leo maji ni mafu, bahari haikauki vya kutosha mtu kufika mashambani, ndiyo maana nilimkuta nyumbani. Tulipomaliza ya banda, akaniambia:

"Bi Mwandishi, mwanao mwambie mie simo."

"Humo kwenye nini?"

"Kwenye hayo ya simu."

"Mbona Raya kaniambia umekubali?"

"Nlikubali. Kaja na sheha, kaja na jina lako, kakaa hapo hapo ulipokaa weye. Nimwambie sitaki? Mtoto nliyemwona akitambaa!"

"Na sasa?"

"Sasa nnakwambia weye. Simu yangu hushinda dukani kwa Hamadi inachajiwa, kwangu umeme haujafika. Meseji ya kliniki ikiingia ataisoma Hamadi, kisha waliokaa barazani kwa Hamadi, kisha mavyaa. Mie mwenye tumbo n'takuwa wa mwisho kupata habari."

Kutoka uani ikaja sauti ya mavyaa wake, mama wa mumewe, ambaye sote tulidhani amelala: "Hamadi haniambii kitu mie! Yule hubana kama chaza!"

Tukacheka sana. Bi Time akapunguza sauti, akasema: "Umeona? Hata hili n'lotaka kukwambia peke yako limeshapata msikilizaji."

Nilimuuliza kama naweza kukwambia. Akasema ndiyo. Nilimuuliza kama nikutajie jina lake au niseme tu kuna mmoja. Akasema: "Nitaje. Lakini kwake tu, usinitie redioni." Kama ana mimba au hana sikumuuliza, hilo halikuwa langu, na mavyaa alikuwa macho.

Hiyo ndiyo habari. Sasa sababu yangu.

Wewe umezaliwa wakati vyama vingi vimeshakuwa jambo la kawaida, unayaona mabango yakibandikwa na kubanduliwa kama misimu ya mvua. Mimi nilianza kazi ya redio yalipokuwa mapya. Mwaka ule wa mwanzo nilikwenda kijiji kimoja kisicho mbali na huko Micheweni, kumrekodi mzee aliyeitwa Mzee Faki. Babu yako, mwalimu, ndiye aliyemfundisha kusoma. Nilipojitambulisha tu, nikawekewa mkeka mpya na madafu mawili. Nikamuuliza kama naweza kurekodi, akasema, "Haya, mwanangu, rekodi." Akazungumza kwa kirefu. Alieleza namna watu wa mtaa wake, waliokuwa wakisali safu moja, walivyoacha kuzikana kwa sababu ya vyama. Alitaja nani hakwenda kwenye maziko ya nani. Alitaja majina yote, lake pamoja.

Ilikuwa habari nzito na ya kweli, na nilikuwa nayo peke yangu. Nilirudi nikiwa sioni barabara kwa furaha.

Kesho yake asubuhi Mzee Faki alikuwa mlangoni kwangu, hapa hapa Mtambile, na kikapu cha muhogo. Alikuwa amepanda gari mbili. Alikunywa chai, akauliza hali za watu wote wa nyumba, wakubwa kwa wadogo, kisha akasema:

"Ile sauti yangu, mwanangu, usiitoe."

Nikamwambia, na hapa ndipo nilipokosea, "Lakini Mzee, nilikuuliza, ukakubali."

"Jana nilikuwa nazungumza na mwana wa mwalimu wangu. Ulipoondoka ndipo n'kakumbuka kuwa ulikuja na mashine."

"Maneno si ni yale yale?"

"Maneno ni yale yale. Ukiyatoa, mie n'tazikwa na nani?"

Nilibishana naye kidogo, kwa adabu, nikidhani kwamba mtu akishanipa neno lake limekuwa langu. Yeye hakubishana. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, akasukuma kikapu karibu na mguu wangu, akasema muhogo ule ni wa shamba la nyuma, hauna nyuzi.

Sikuitoa ile kanda. Nilimpa mkononi. Mhariri wangu wa siku zile alikasirika kwa haki yake, kwa kuwa nilishamwambia nina habari kisha nikamwambia sina. Akanitoa kwenye habari, akaniweka kusoma matangazo ya vifo. Nilikaa huko msimu mzima wa karafuu, wenzangu wanazunguka vijijini, mimi nasoma marehemu fulani ni baba yake fulani, maziko saa kumi.

Unajua kwamba sikuijutia ile kanda, na si kwa sababu ya ushujaa. Nilipofika nyumbani kwa watu baada ya hapo, nilikuta habari imenitangulia: huyu ukimwambia usitoe, hatoi. Watu wakanieleza mambo ambayo hakuna mwandishi mwengine aliyeelezwa. Na Mzee Faki, wale majirani walipoanza tena kuzikana, aliniita mwenyewe. Alizungumza kila kitu upya, na safari hii alikuwa amevaa kanzu safi na amewaita wajukuu waje kusikiliza. Habari ile ilitoka kwa jina lake. Ilichelewa, na ilikuwa nzuri kuliko ya mwanzo.

Tangu siku ile ya muhogo nina njia yangu ya kufanya kazi, na wewe umeiona tangu utotoni bila kuijua. Ulikuwa ukiniuliza, "Mama, kwa nini unakwenda tena kwa yule yule?" Nilikuwa nakwenda kuuliza mara ya pili. Siku ya kwanza naenda kama mgeni, nakaribishwa, nasikiliza, naondoka. Siku ya pili naenda peke yangu, sikai, nasimama karibu na mlango ili iwe rahisi kuniondoa, nasema: yale ya jana, nitoe au nisitoe? Wengi husema toa. Wengine husema toa hili, lile acha. Wachache husema acha yote. Jibu la siku ya pili ndilo ninaloliandika.

Hapa kwetu mtu aliyeingia nyumbani kwa heshima harudishwi kwa neno la hapana. Ataambiwa haya, ataambiwa inshaallah, atapewa chai. Kama hawakumtaka, siku ya miadi atakuta mlango umefungwa na jirani hajui wamekwenda wapi. Wewe unalijua hili kuliko mimi nikueleze. Umelijua ulipokuwa mdogo, ukaenda kusoma bara, ukarudi na digrii mbili na kishikwambi, ukadhani kwa kuwa unalijua halitakupata. Mgeni kutoka mbali asingekosea kama ulivyokosea wewe. Angefika Micheweni hajulikani, watu wangemwogopa kidogo, wangemuuliza maswali, mmojawapo angesema "tutafikiri". Wewe ulikuwa mwana wao. Kukukataa wewe ilikuwa kumkataa mwana wa Bi Mwandishi. Na jina hilo la kuingilia nilikupa mimi. Nilikwambia, ukifika useme wewe ni mwana wa nani. Nilidhani nakusaidia.

Kisha ukaenda na sheha. Ukaniambia utaratibu unataka hivyo, na ni kweli, utafiti haupiti shehia ya mtu bila yeye kujua. Lakini fikiria anavyoonekana kutoka upande wa mlango. Sheha ndiye serikali pale mtaani, ndiye anayesema nani ni mkaazi wa hapa na nani si mkaazi, na kwa hiyo nani ataandikishwa kupiga kura na nani ataambiwa arudi kesho. Kila msimu wa uchaguzi nyumba zile zimemwona akija na watu, na karatasi, na swali la jina kamili na namba ya kitambulisho. Umekuja wewe naye, na kishikwambi, na swali la jina kamili na namba ya simu. Wewe ulikuwa unasema afya ya mama na mtoto. Wao walikuwa wanahesabu kichwani: huyu akiniandika ataniandika wapi, na nisipoandikwa nitakosa nini. Yule sheha ni mtu mwema, na siku ile hakusema neno baya. Kukaa kwake tu kulitosha.

Kwa hiyo ukinituma mimi niende, Raya, utakuwa umeongeza mzigo ule ule juu ya mzigo. Watasema ndiyo kwa mara ya pili kwa sababu ile ile waliyosema kwa mara ya kwanza. Utapata majina yako yote Jumatatu, na hutakuwa na ridhaa hata moja unayoweza kuitetea mbele ya wanafunzi wako. Wewe ndiye utakayesimama kuwafundisha maadili ya utafiti wa afya. Somo lako la kwanza litakuwa na maswali, na mwanafunzi wa tatu au wa nne, aliyetoka Kojani au Makunduchi, atauliza: "Mwalimu, wale wenu mliwapataje?"

Nakuomba kitu kimoja ukifika kwenye kufundisha hilo. Usiwaambie wanafunzi kwamba Wapemba ni watu wa kuamua pamoja, mtu mmoja hana neno lake. Nimesoma maandishi ya namna hiyo, yameandikwa na watu waliokaa hapa kwa muda wa kikombe cha chai. Bi Time ameamua mwenyewe, kwa akili yake, kwa sababu aliyoweza kuieleza hata mbele ya mavyaa. Alichohitaji ni siku ipite, na sheha asiwe amekaa ukumbini.

Sina shaka na uwezo wako. Nilikuwepo kituo cha afya siku ulipoigundua ile kasoro kwenye kompyuta, wanawake wawili wenye majina matatu yale yale wamewekwa katika kumbukumbu moja, dawa za huyu zimeandikwa kwa yule. Daktari alisema mtarekebisha baadaye. Wewe ukasema majaribio ya mfumo yasimame mpaka watenganishwe, ukakaa mpaka wakatenganishwa kwa majina ya mitaa yao na ya mama zao. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Ilinikumbusha nilipokuwa kwenye matangazo ya vifo. Nilisoma jina la marehemu kwa majina mawili, la tatu nililiacha kwa haraka. Mchana akaingia ofisini mwanamume mrefu, kofia mkononi, akasalimu, akasema, "Bi, mie ndiye maiti." Nikamuuliza anasema nini. "Asubuhi umenitangaza. Nyumba yangu imejaa watu, wamekuja na mchele. Mke wangu hajui acheke au awarudishe." Marehemu alikuwa binamu yake, jina moja, baba jina moja, babu mbalimbali. Nilisahihisha kwenye matangazo ya jioni, na nilikwenda mwenyewe kwenye nyumba zote mbili, ya maiti wa kweli na ya maiti aliyekuwa akinywa chai. Ya pili walinifurahia. Ya kwanza walinisamehe, lakini hawakunifurahia, na walikuwa na haki: kwa asubuhi nzima watu walikwenda kumlilia mtu asiyekuwa wao.

Ukitaka mfano wa somo lako la mbinu za utafiti, huo nakupa. Huyo maiti wangu ameshafariki kweli, Mungu amrehemu, na alikuwa akikisimulia kisa hiki kila harusi, kwa jina lake kamili lenye majina matatu. Hata hivyo wewe kitoe bila jina.

Suala la simu ya Bi Time na duka la Hamadi silijui jibu lake. Hiyo ni taaluma yako, nami nimeishia kwenye redio. Labda meseji isiseme kliniki. Labda isitumwe kabisa kwa asiyelala na simu yake. Labda kuna njia ambayo mimi sijaisikia na wewe umeisoma. Ninachojua ni kwamba kabla ya leo hukuwa na suala hilo mkononi, na aliyekupa ni mtu aliyekataa. Wale waliosema ndiyo hawajakwambia kitu bado.

Jumatatu utaingia kwa mkuu wa idara bila ya orodha aliyoitaka. Simjui, sitakudanganya kuwa atafurahi. Mwambie yaliyotokea kwa mpangilio: ulikwenda, ulikwenda na nani, wakasema nini, kisha mmoja akasema nini na kwa sababu gani. Jina la Bi Time halimhusu. Usijitetee na usijipige kifua. Mtu anayeeleza kosa lake kwa mpangilio, na mkononi ana njia ya kulirekebisha, ni vigumu kumfukuza, nimeona wakubwa wengi wakijaribu, na huishia kuuliza, "Sasa unataka nini?" Hapo uwe na jibu. Akikufukuza baada ya hapo, rudi. Chumba chako hatukodishi. Lakini sidhani, na mimi si mtu wa kudhani vizuri kwa kupenda.

Jibu lako ni hili. Ratiba yenu inasema mtakuja na wanafunzi Jumatatu inayofuata hii ya keshokutwa. Mtakuja bure. Nimemuuliza Bi Time: siku hizo ni bamvua, bahari inakauka asubuhi, wanawake wote watakuwa kwenye mwani mpaka mchana, mtawakuta watoto na kuku. Omba safari isogezwe mpaka maji yawe mafu tena. Kwa sheha utapita, utamsalimu, utampa barua ya chuo kikuu, utakunywa chai yake yote, kisha utamshukuru na kumwacha barazani kwake. Wanafunzi wawe mmoja mmoja, mlango kwa mlango, na wasimame karibu na mlango.

Nilipokuwa naondoka kwa Bi Time nilimuuliza kama anataka uende kwake tena au umwache. Alifikiri, ungo mkononi. Akasema, "Aje. Aniulize upya. Lakini aje bila sheha, na bila weye."

"Utamwambia ndiyo?"

"Weye unataka kujua ya nini? Si nshasema usije?"

Kwa hiyo sijui, na wewe pia hujui, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Meli ni kesho asubuhi, Mkoani. Mkuu wa idara ni Jumatatu saa mbili, na mhadhara wako wa kwanza saa nne. Bi Time atakuwa nyumbani Jumamosi, wiki mbili kutoka leo, kuanzia asubuhi.

Mama yako